Hodi Iliyoangusha Mlango

Mimi ni mtu wa Kigoma, na nalisema hili mapema ili mpime vizuri ukubwa wa aibu yangu. Kwetu hata sokwe wa Gombe wanajua mchwa anakaa wapi. Sokwe anachuma ujani, anauchomeka kwenye kichuguu, anauchomoa umejaa mchwa, anajilia taratibu. Mtafiti Jane Goodall aliliona jambo hilo mwaka 1960, dunia nzima ikashangaa. Halafu mimi, mwenye shahada na miwani juu, nikanunua nyumba Kibaha, nikazunguka vyumba vyote mara mbili, nisione kitu.

Ningeona nini? Rangi ilikuwa bado inanuka. Milango imepakwa vanishi hadi unaweza kuchokolea meno ukijitazama humo. Nilikagua vile nilivyoambiwa: hati, risiti za pango la ardhi, mipaka na majirani, muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nikafungua mabomba, nikawasha taa zote. Dalali akaupiga ukuta kofi. "Bosi, hii nyumba imekaa!" Kofi lile lilikwenda kwenye tofali, fremu hakuigusa hata moja. Kwenye fremu ya mlango wa mbele ilikuwa imetundikwa kalenda ya mwaka juzi. Nikasema moyoni, huyu muuzaji ni mtu wa kumbukumbu.

Wiki ya kwanza, usiku ukitulia, tukaanza kusikia: ta-ta-ta. Kimya. Ta-ta-ta.

"Panya hao," mke wangu akasema.

"Mbao zinajinyoosha. Lala."

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mchwa askari wakishtuka hugonga vichwa vyao kwenye mbao ili kupeana habari. Kumbe usiku kucha nilikuwa najadiliwa.

Vuli ilipoingia, mvua ya kwanza ikatuletea kumbikumbi, tena si wa uani. Walitoka kwenye kona ya chumba chetu cha kulala, chini kabisa ya ukuta, wanamiminika kama abiria wa mwendokasi. Damu ya Kigoma ikanipanda. Nikazima taa zote nikabakiza moja, chini yake beseni la maji. Nusu saa tu, kitoweo tayari. Nikawakaanga na chumvi.

Mke wangu ni wa Tanga, akakataa kuonja. Akauliza tu, "Baba watoto, hawa wametoka nje au ndani?"

"Mama, baraka haiulizwi mlango iliopitia."

Naandika hili leo nikijua kwamba kumbikumbi hawaruki mpaka kundi lao liwe limekomaa, kazi ya miaka. Nilikula vifaranga nikawaacha kina mama chini ya kitanda.

Ndipo baba mkwe akaja kuiona nyumba. Mzee ni seremala mstaafu, na mkono wake hadi leo ukigonga kitu ni nyundo. Nikavaa shati la kupiga pasi, nikasimama nyuma ya mlango nikisubiri hodi, ili nisionekane nilikuwa nasubiri.

Hodi ya kwanza ikalia *bo*, kama mtu anayegonga boga. Nje kukawa kimya kidogo. Nadhani sikio la ufundi liliamka. Akagonga tena, safari hii kwa nguvu, na nikasikia kitu kinapasuka kama chapati kavu. Mlango ukanijia mzima mzima, na fremu yake, na kitasa chake, na kalenda yake, polepole, kama mtu anayezimia msibani. Nikaudaka kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba," nikasema kutoka chini ya mlango. "Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Nipite wapi?"

Vumbi lilipotua, mzee alikuwa ameshachuchumaa. Akaichubua ile vanishi kwa ukucha wa kidole gumba. Ilitoka kama ganda la yai, na nyuma yake hakukuwa na mbao. Kulikuwa na udongo, vijia juu ya vijia, na mchwa weupe wakikimbilia gizani. Bawaba zilikuwa zimeshika rangi tupu.

"Mkataba wa mauziano uko wapi?" akauliza.

Nikakimbilia kabati la ukutani. Bahasha nikaikuta safi kabisa kwa nje. Nikaifungua, ukamwagika udongo. Ukurasa wa mwisho ulibaki kipande chenye ukubwa wa kadi ya simu, katikati muhuri wa serikali ya mtaa, mzima, haujaguswa. Hati, kwa rehema za Mungu, ilikuwa benki pamoja na mkopo. Mkopo mchwa hawali.

Fundi alipotoboa sakafu alikuta kisiki cha mwembe. Aliyejenga alikata mti, akamwaga zege juu yake bila kung'oa mizizi wala kutia dawa kwenye udongo. Tukatoboa matundu kuzunguka kuta zote, tukamimina dawa, tukahamisha kuni zilizoegemea ukuta wa jiko, tukaweka fremu za chuma. Gharama yake ni pikipiki mpya, na chenji haikubaki.

Baba mkwe bado anatutembelea. Akifika anasimama chini ya mti, mita kumi kutoka mlangoni, anapiga simu.

"Mwanangu, nimefika. Fungua mwenyewe."