Daraja la Tepu Nyeusi

Kwenye harusi za kwetu kuna watu wawili wasiotakiwa kuonekana: aliyekuja bila kuchanga, na fundi. Jumamosi ile Bagamoyo tulionekana wote.

Ilianza Alhamisi kwa simu. Meneja wa hoteli moja ya ufukweni, mama ambaye wafanyakazi wake humwita Madam hata akiwa hayupo, alinieleza kwamba ana harusi kubwa keshokutwa na redio zake za upepo haziongei na za walinzi. Walinzi ni wa kampuni ya nje, wamekuja na redio zao. Nikamuuliza za hoteli ni za nini. Motorola. Za walinzi? Hytera. Za digitali? Zote. DMR, ile lugha ya pamoja ya redio za digitali? Akasema ndivyo alivyoambiwa na waliomuuzia, na walinzi nao wanasema hivyohivyo.

"Basi Madam, hilo jambo la saa mbili tu."

Mjue kwamba nimekulia kwenye analojia. Kibanda changu kipo Kariakoo, na kwa miaka mingi dunia yangu ilikuwa nyepesi: masafa yakilingana, toni ikilingana, Kenwood ya zamani inaongea na Baofeng ya bei ya kuku wawili bila kuulizana kabila. Nikaamini DMR nayo ni vilevile. Ni kiwango kimoja, ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ilikitoa mwaka 2005, na ni kitu kizuri kweli: chaneli moja ya kHz 12.5 inakatwa vipande viwili vya muda, milisekunde 30 za kwenu, milisekunde 30 za wale wengine, mazungumzo mawili yanapita kwenye masafa yaleyale bila kugongana. Nilichokuwa sijakiuliza ni kama redio hizo ni za trankingi.

Redio ya kawaida ni kama bodaboda wako wa nyumbani. Akiwa na abiria mwingine, unasubiri. Trankingi ni kijiwe: pikipiki tano, abiria hamsini, anayefika anapewa iliyo wazi. Raha tupu, ila kijiwe lazima kiwe na utaratibu wa kugawa abiria, na hapo kila kampuni ina wa kwake. Za hoteli zilikuwa Capacity Plus ya Motorola: redio zisizo na kazi hukusanyika kwenye chaneli moja ya kupumzikia, mtu akianza kuongea pale, wasiohusika wanahamia nyingine. Za walinzi zilikuwa XPT ya Hytera, nayo ina namna yake ya kuhamisha watu. Zote DMR, zote zinafanya kazi vizuri kabisa nyumbani kwao. Ukizikutanisha, huyu anasema twendeni chini ya mwembe, yule amebaki kwenye mkorosho anashangaa watu wamekwenda wapi. Wala si siri, imeandikwa. Mimi ndiye nilikuwa sijasoma.

Ijumaa asubuhi nikafika na laptopu, kebo na kujiamini. Mkuu wa walinzi alikuwa mzee mstaafu wa jeshi, mnyoofu kama mlingoti.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba fundi. Mimi nilimwambia Madam, kwani si tubadilishane tu? Anipe redio moja ya hoteli niwe nayo, na mimi niwape redio yangu moja wakae nayo mapokezi. Mtu akiitwa, anapelekewa ujumbe."

Nikacheka kile kicheko tunachojifunza kabla hata ya kujifunza kushika bisibisi. Nikamwambia Afande, hiyo siyo teknolojia. (Ndivyo wanavyofanya mpaka leo. Haijawagharimu hata betri.)

Dawa yenyewe ya kifundi ninaijua, na nilikuwa ninaijua siku ile pia: unaweka kwenye redio zote chaneli moja ya DMR ya kawaida, isiyo na trankingi, yenye kibali, masafa mamoja, sloti moja (kile kipande cha muda), namba ya kundi moja, halafu hapo Motorola na Hytera wanaongea kama ndugu. Tatizo ni kwamba chaneli za redio za walinzi zilikuwa zimefungwa kwa nywila, na aliyezifunga hakupokea simu Ijumaa nzima. Nikasema basi nitazileta za hoteli upande wao. Masafa yao niliyasoma kwenye kibali. Ikabaki kalakodi. Hiyo ni namba kuanzia 0 hadi 15 ambayo inaitwa ya rangi na haina rangi yoyote. Redio mbili zisipokuwa na namba moja hazisikilizani.

"Afande, rangi yenu ni ipi?"

Akajitazama sare. "Kaki."

Nikajaribu moja moja kutoka sifuri. Niliipata, na nilichopata ni vipande: mlinzi anaanza kueleza kuhusu gari, mazungumzo yanayofuata yanahamia chaneli nyingine, mimi naachwa na nusu ya namba ya gari. Nikibonyeza kuongea, hakuna anayenijibu. Ilifika saa kumi jioni. Zile saa mbili zangu zilikuwa zimekwisha mara tatu.

Ndipo nikajenga daraja.

Wanaojua hujenga hivi: redio mbili, moja ya kila mfumo, zinaunganishwa kwa waya. Ya kwanza ikipokea wimbi, pale pale inaibonyeza ya pili, kabla mtu hajamaliza hata kukohoa. Mimi sikuwa na waya wenye plagi za kufaa. Nilikuwa na tepu nyeusi ya umeme. Nikaazima redio moja ya hoteli na moja ya walinzi, nikazikutanisha uso kwa uso, spika ya hii kwenye maiki ya ile, nikazifunga kama majeruhi, nikawasha kwenye zote mbili voksi, yaani kile kipengele cha redio kujibonyeza yenyewe ikisikia sauti. Nikaziweka stoo ya mashuka, maana kule hakuna kelele.

Jaribio la kwanza, redio ya hoteli ilitoa mlio. Ya walinzi ikadhani ni mtu, ikajibonyeza, ikatoa mlio wake. Ya hoteli ikasikia, ikajibu. Zikaendelea hivyo dakika nzima kama wazee wa pwani waliokutana njiani: hali, wa nyumbani, watoto, afya, kazi, tena hali. Nikazima milio yote ya daraja. Bado kila mtu akimaliza kuongea, mkwaruzo wa mwisho ulikuwa unaamsha upande wa pili. Basi nikaipunguza subira ya voksi mpaka chini kabisa: sauti ikikatika tu, ifunge. Ikatulia. Nikaenda getini nikasema "Haloo, haloo, moja mbili tatu," dada wa mapokezi akasema amepata "loo, moja mbili tatu." Nikaona inatosha. Nani anahitaji "ha"?

Jumamosi nikakaa stoo juu ya marobota ya mashuka, nimeelekeza sikio kwenye daraja langu kama daktari wa zamu. Kila kitu kilisikika safi. Hapa ndipo nilipojidanganya: pale stoo mimi nilikuwa nasikia kinachoingia darajani. Kinachotokea ng'ambo nilikuja kuelezwa baadaye na walioathirika.

Saa mbili usiku dada msimamizi wa ukumbi, mwenye orodha ya kadi, aliita kwa redio ya hoteli. "Geti, geti." Akavuta pumzi. "Usiwaruhusu hawana kadi."

Sawa, nikasema moyoni, kazi inakwenda.

Sasa fuatana na sauti hiyo. Lile "geti, geti" lote lilitumika kuiamsha voksi na kuiombea chaneli kwenye mfumo wa walinzi. Dada alipovuta pumzi, voksi ikafunga, kwa ile subira niliyoikata mwenyewe. Aliposema neno la pili, chaneli ilikuwa bado imeshikwa, kwa hiyo daraja liliamka haraka, likapotea kidogo tu. Silabi mbili. Kijana wa getini, mbele yake Noah yenye watu tisa wasiochanga hata shilingi, alisikia sauti ya kike ya utulivu ikimwambia: "Waruhusu hawana kadi."

Aliniambia iligusa moyo wake. Alifungua geti akawapigia saluti. Wakaenda kukaa meza ya wajomba.

Bwana harusi alikuwa Mchaga, kwa hiyo palikuwa na ndafu: mbuzi mzima wa kuchoma, amepambwa, amewekewa majani mdomoni, anayeingizwa ukumbini kwa ngoma na vifijo wakati wake ukifika. Wakati wake ulikuwa haujafika. Mchungaji alikuwa amesimama, ukumbi mzima umeinamisha vichwa na kufumba macho, na mlinzi wa mlangoni, mtu mwenye akili, akaona kofia ya mpishi inapita kwenye korido. Akaita kwa kunong'ona, kwa redio ya walinzi. "Jikoni, jikoni." Pumzi. "Msilete ndafu mchungaji anaomba."

Shefu alikuja kuniapia kwa mama yake kwamba alisikia hivi, neno kwa neno: "Lete ndafu mchungaji anaomba."

Alishangaa kidogo, anasema. Lakini yeye ni nani amnyime mtumishi wa Mungu?

Wakaingia wapishi sita na vuvuzela mbili. DJ alipoona mbuzi akajua ni zamu yake, akaachia muziki. Mchungaji alikuwa amefika "na neema yake iwe juu ya," akafumbua macho, akakuta juu ya nini. Walitazamana, yeye na ndafu, mmoja akiwa na majani mdomoni na mwingine akiwa na sentensi. Kutoka meza ya wajomba, sauti moja ya wasiochanga ikasema kwa nguvu, "Amina!"

Mimi nilisikia vuvuzela nikiwa stoo. Na palepale, namshukuru mwalimu wangu wa Kiswahili wa darasa la sita, nikaelewa. Lugha yetu huweka katazo mwanzoni mwa neno. Usi, msi, asi, wasi. Ukila silabi mbili za kwanza, katazo lote limekwenda na kilichobaki ni amri safi, yenye sarufi kamili, isiyotia shaka yoyote. Nilikuwa nimejenga mtambo wa kugeuza hapana kuwa ndiyo, na nilikuwa nimeuunganisha na hoteli nzima.

Nikakimbia ukumbini kuwaonya. Kosa lingine. Ningeibandua tepu kwanza.

Tangu jioni tulikuwa kwenye jenereta, na mlinzi wa nyuma ndiye aliyekuwa akiiangalia. Nikiwa kwenye korido, umeme ukarudi, dhaifu, taa za nje zinapepesa kama mtu mwenye usingizi. Dada wa ukumbi, mwenye busara siku zote, akaita. "Jenereta, jenereta." Nikapiga kelele, "Dada usi..." naye akawa ameshavuta pumzi. "Usiizime umeme umerudi nusu."

Mlinzi wa nyuma akasikia: "Izime umeme umerudi." Ile nusu aliisikia, anakiri, akadhani anaambiwa saa.

Giza liliingia kama dakika nne. Sitaeleza yote. Taa zilipowaka, bibi harusi alikuwa amekaa palepale kwa heshima zake, Mungu ambariki, na ndafu alikuwa amebaki na paja moja la nyuma. Meza ya wajomba walikuwa wanajifuta mikono.

Nilijua Madam ananitafuta, nikaingia kwenye ofisi ya mhasibu, ambayo ndiyo njia fupi ya kurudi stoo. Mhasibu alikuwa kijana mpole, redio ya hoteli iko mezani, bahasha ya malipo yangu iko kwenye droo inasubiri ruhusa. Sikuwa na hata mawazo ya kudai. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa pili.

Madam, kule getini, alikuwa amemnyang'anya Afande redio yake. Ya walinzi.

Mezani pakakoroma kidogo, halafu sauti yake ikatoka, nzito, imepita kwenye daraja langu: "Mlipe fundi."

Tulitazamana.

"Umemsikia mwenyewe," mhasibu akasema, akafungua droo. "Na amesisitiza. Naona amefurahi sana."

Akaanza kuhesabu taratibu, anapanga noti za elfu kumi kwa kichwa. Mimi jasho linanitoka, ulimi umekauka. Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo kabisa. Redio ikakoroma tena, na safari hii Madam alikuwa anapiga kelele, unasikia hata Afande nyuma yake akimwambia Madam taratibu, na ng'ambo ya mashuka na tepu nyeusi ikafika sauti moja tu, wazi kama kengele:

"Mwache aondoke!"

Mhasibu akanisukumia bahasha, akainuka, akanifungulia mlango.