Tunamwomba Mungu Yupi?

"Asante Baba kwa kutuamsha salama. Wapo waliolala jana wakiwa wazima na leo wako mochwari. Wengine wako wodini, hawajiwezi. Si kwamba sisi ni wema sana kuliko wao, ni kwa neema yako tu."

Sidhani kama kuna Mkristo wa huku kwetu asiyeyajua maneno haya. Yanafungua ibada za nyumbani, mazoezi ya kwaya, vikao vya jumuiya, hata safari za basi. Nimeyasikia tangu utotoni na mengi ndani yake nayapenda. Kushukuru kwa pumzi si jambo dogo, na kukiri kwamba hatukuipata kwa wema wetu ni kweli tupu.

Lakini yasikilize ukiwa umeketi na mzazi ambaye mtoto wake ndiye yuko mochwari. Mungu anayeshukuriwa hapo amepita usiku, akaamua huyu aamke na yule asiamke, na sisi tuliobaki tunawahi kumsifu kabla hajabadili mawazo. Ni shukrani ya mpangaji anayemwamkia mwenye nyumba kwa unyenyekevu mwingi kwa sababu bado hajatolewa vyombo nje.

Ndiyo maana siamini kwamba tatizo letu katika maombi ni uvivu. Watu wetu wanaomba. Wanakesha Ijumaa, wanafunga siku 21, wanafunga 40, wanaamka saa tisa usiku. Tatizo ni sura ya Mungu tuliyoibeba moyoni tangu utotoni, ambayo hatujawahi kuiweka mbele ya Injili ikaguliwe. Ukiwa na sura mbaya, kuomba zaidi kunakuchosha zaidi.

Yesu alilisema hili katika mfano wa talanta, Mathayo 25, wa bwana aliyewaachia watumwa watatu fedha zake, ingawa mahubiri mengi yanauishia kwenye bidii ya kazi. Yule mtumwa wa tatu hakuwa mvivu kwanza. Sababu yake aliitaja mwenyewe: "Nalitambua ya kuwa wewe u mtu mgumu." Kisha, "nikaogopa, nikaenda nikaificha talanta yako katika ardhi." Wale wawili wa kwanza walikuwa na bwana yuleyule, nao walifanya biashara. Huyu alizuiwa na picha ya bwana aliyokuwa nayo, akaishi sawasawa na picha hiyo.

Martin Luther, Mjerumani ambaye makanisa ya Kilutheri yanaitwa kwa jina lake, aliishi hivyo kwa miaka. Julai 1505, akiwa kijana anayesomea sheria, radi ilimkuta njiani karibu na Stotternheim, naye kwa woga akamlilia Mtakatifu Anna na kuweka nadhiri ya kuwa mtawa. Aliingia utawani Erfurt akiwa na Mungu wa radi. Alifunga, akakesha, akaungama kwa saa nyingi hadi kumchosha Johann von Staupitz, kiongozi wake wa kiroho. Alipoadhimisha misa yake ya kwanza mwaka 1507 alitetemeka karibu ashindwe kuendelea. Uzeeni, mwaka 1545, aliandika waziwazi kwamba siku hizo alimchukia Mungu mwenye haki anayeadhibu wenye dhambi. Mtawa mwenye bidii kuliko wenzake, na anamchukia anayemwomba!

Kilichombadilisha ni kuisoma barua kwa Warumi mpaka akaona kwamba haki ya Mungu ni kitu ambacho Mungu humpa mtu, si rungu la kumpigia. Mwaka 1535 kinyozi wake, Peter, alimwomba amfundishe kusali. Luther akamwandikia maelezo marefu, mapole kabisa: chukua Baba Yetu kipande kwa kipande, na wazo jema likikujia katikati, acha maneno mengine, nyamaza, usikilize, kwa maana hapo Roho Mtakatifu mwenyewe anahubiri. Mtu aliyetetemeka altareni sasa anamwambia kinyozi kwamba anaweza kunyamaza mbele za Mungu bila hofu. Natamani sisi wenye makanisa makubwa ya Kilutheri huku tungeisimulia habari ya kinyozi huyu kama tunavyosimulia zile hoja zake 95 zilizoanzisha Matengenezo ya Kanisa.

Huku kwetu sura mbaya ya Mungu imeua watu, na sitatafuta neno laini zaidi. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana katika mkutano wa maombi, kila mmoja akikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwalaumu hata kidogo. Wengi walikuwa na magonjwa na madeni kama sisi sote. Ila tazama Mungu aliyekuwa akikimbiliwa: baraka yake imemwagwa mahali pamoja, ni kidogo, na atakayechelewa ataikosa. Ukiamini neema inaisha, jirani yako anageuka kuwa mshindani. Kisha 2023 tukaona msitu wa Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa, ikiwemo ya watoto, baada ya watu kufundishwa kwamba kufa njaa ndiyo njia ya kumfikia Yesu. Huyo aliyefundishwa msituni hafanani na Yesu aliyewaambia wanafunzi wake wawape watu chakula.

Wapo pia wanaokufa polepole, nyumbani, bila habari kutangazwa. Namkumbuka mama mmoja aliyepoteza mimba zaidi ya mara moja. Walikuja waombaji, na swali lao la kwanza lilikuwa ni mlango gani ameufungua, yaani dhambi gani imeleta mkosi huo. Walipekua maisha yake, wakapekua ya mama yake, wakafika kwa bibi. Baadaye aliacha kuomba kabisa. Aliniambia anaogopa kumkumbusha Mungu kwamba yupo.

Swali la wale waombaji lina umri mrefu. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza kuhusu kipofu: ni yupi aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu anakataa kabisa: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Anachofuata kukifanya ni kutema mate chini, kufanya tope na kumgusa yule mtu machoni. Aliyesema "Aliyeniona mimi amemwona Baba" ndiye huyo mwenye tope mikononi.

Najua nitaambiwa kwamba ukimfanya Mungu mpole sana watu watamzoea, na dhambi itaongezeka. Nayachukua maneno hayo kwa uzito, maana kumcha Bwana kumejaa katika Maandiko. Lakini hofu haziko za aina moja. Adamu aliogopa akajificha nyuma ya miti. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 naye aliogopa, hata macho hakuyainua, lakini alikuwa hekaluni, amekwenda mwenyewe. Hofu inayokupeleka kwa Mungu naiheshimu. Inayokuficha sijui kwa nini tunaihubiri.

Neno "Baba" peke yake halitoshi kuponya hili. Kwa aliyelelewa na baba wa fimbo na ukimya, kuita "Baba yetu" kunaweza kuwa kazi ngumu. Yesu hakuliacha neno hilo wazi kila mtu alijaze kwa baba yake wa nyumbani. Katika mfano wa mwana mpotevu alituonyesha mzee anayemwona mwana angali mbali, anakwenda mbio, anamwangukia shingoni. Na humo ndani yuko kaka mkubwa, ambaye nadhani ndiye sisi wa makanisani: "nimekutumikia miaka mingapi hii," na hajapewa hata mwana-mbuzi. Aliishi nyumbani kwa baba akihesabu mshahara.

Ningeomba wachungaji, mapadre na makatekista wetu waanzie msibani, kwa sababu huko ndiko sura hizi zinapandwa. Badala ya kumharakisha mfiwa aseme Bwana ametoa na Bwana ametwaa, msomeeni Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Msomeeni hata ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila jibu. Msiifungie na mahubiri. Mfiwa asikie kwamba maneno hayo yamo katika Biblia, na kwamba Mungu mwenyewe aliruhusu aambiwe hivyo.