Jamani acheni kuzisugua sarafu za zamani

Sarafu ikipoteza mng'ao haijaharibika, anayeiharibu ni yule anayekimbilia siki na dawa ya meno. Nikiona sarafu ya shaba ya miaka mia na zaidi imesuguliwa mpaka imekuwa ya pinki roho inaniuma kweli, maana hapo hakuna kurudi nyuma.

Watu wanachanganya mambo mawili, kubadilika rangi na kulika kwa picha. Kubadilika rangi ni kazi ya hewa, shaba ikikutana na oksijeni inageuka kahawia, ikikaa kwenye unyevu miaka mingi inaota ukijani, na fedha, namaanisha ile metali nyeupe, adui yake ni salfa, hata ikiwa kidogo sana hewani inatosha kuifanya ya njano halafu nyeusi. Jasho la vidole linaharakisha, ndo maana wakusanyaji wanashika sarafu kwa ukingo tu. Sasa lile tabaka la kahawia limetokana na shaba hiyohiyo na linaikinga iliyo chini yake, kwa hiyo ukilitoa kwa asidi umetoa sehemu ya sarafu na mchezo unaanza upya. Na ule mng'ao wa sarafu mpya hautokani na usafi peke yake! Mashine inapoigonga kuichapa picha, metali inasukumwa kuelekea pembeni inaacha vimistari vidogo mno, hivyo ndo vinavyocheza na mwanga ukiigeuzageuza. Dawa ya meno inavifuta, inakuachia mikwaruzo inayometameta.

Kulika kwa picha ni habari nyingine, hiyo ni msuguano wa mifuko na mikono na sarafu zenzake, na inaanza na sehemu zilizoinuka, nywele, shavu, sikio. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Mfalme Henry VIII wa Uingereza, miaka ya 1540 alipunguza fedha kwenye sarafu zake mpaka zikawa shaba kwa sehemu kubwa, juu kapaka fedha nyembamba, na uso wake ulikuwa unatazama mbele kwa hiyo pua ndo iliyotokeza zaidi, basi fedha ikalika pale kwanza shaba ikachungulia, watu wakambatiza Pua ya Shaba. Yaani kulika ndiko kulikomuumbua mfalme, na ukisugua sarafu kama hiyo unafuta ushahidi.

Hata dhahabu ambayo haichakazwi na hewa inalika kwa sababu ni laini, ndo maana sovereign, sarafu ya dhahabu ya Uingereza, ni karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu kati ya 24, na zilizobaki ni metali nyingine ili iwe ngumu. Baadaye nchi nyingi zikahamia mchanganyiko wa shaba asilimia 75 na nikeli 25, mgumu na haubadiliki rangi haraka.

Sarafu yako ikiwa na matope isuuze kwa maji safi, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kusugua. Ukiona unga wa kijani mwepesi unaochimba sarafu ya shaba hizo ni chumvi zenye klorini zinaila, itenge na nyingine umpelekee mtaalamu.