Walichimba Áspero, Vilima Wasivione

Akitajiwa magofu ya Peru, karibu kila mtu hukimbilia Machu Picchu, iliyojengwa karne ya 15. Mimi ningempeleka kwanza Áspero, kijiji cha wavuvi pale Mto Supe unapoingia baharini, chenye umri wa miaka ipatayo 5,000.

Mwaka 1941 mwanaakiolojia Mmarekani, Gordon Willey, alichimba hapo na mwenzake. Walikuta majalala ya kale yenye mabaki ya vyakula vya baharini, bila hata kigae cha chungu. Vilima vilivyokuwa mbele yao wakavidhani vya asili. Miaka 30 baadaye Willey alirudi na Michael Moseley, ikabainika kuwa vilima vile ni majukwaa makubwa ya mawe yaliyojengwa kwa mikono ya watu. Wasomi wale walikuwa hodari. Tatizo ni kwamba walifundishwa kuwa mvuvi asiye na chungu wala shamba kubwa la nafaka hawezi kujenga kitu cha namna hiyo, na fundisho hilo bado linatembea.

Tazama jinsi maisha ya pale yalivyokwenda. Mkondo baridi wa Humboldt huijaza bahari ile samaki wadogo, jamii ya dagaa. Waliwavua kwa nyavu za pamba, vibuyu vikiwa maboya. Pamba ilistawi mashambani bondeni, kuelekea mji wa kale wa Caral, kilomita 23 kutoka pwani. Na huko Caral, ambako mwanaakiolojia wa Peru, Ruth Shady, alianza utafiti miaka ya 1990, mifupa ya samaki haohao imejaa tele. Mji wenye piramidi ulikula kutoka nyavuni mwa kijiji, kijiji kikapata uzi kutoka mjini. Silaha na kuta za vita hazijaonekana Caral. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko piramidi zenyewe.

Inauma kwamba kwa miaka mingi Áspero iligeuzwa dampo la taka. Mwaka 2016 yalitangazwa mabaki ya mwanamke aliyezikwa hapo yapata miaka 4,500 iliyopita, pamoja na pini nne za mfupa zilizochongwa kima na ndege, na mkufu wenye kombe la spondilo, kiumbe wa bahari ya joto ya kaskazini, upande wa Ekuado. Kijiji kilichomzika mwanamke kwa heshima ile, kikiwa na vitu vya kutoka mbali hivyo, kinastahili sura yake katika kila kitabu kinachosimulia miji ya kwanza ilivyoanza.