Rojo la embe Malindi: tununue mashine ya maboksi au ya mifuko?

Kuna kikundi cha wakulima wa maembe huku kwetu Malindi wanavutana wiki ya tatu sasa. Wamechoka kuona embe linaoza chini ya mti kila msimu ama linachukuliwa na mabroka kwa bei ya kutupa, kwa hivyo wanataka kulikamua na kufunga rojo lake kwa njia ya aseptiki, likae miezi bila friji. Kuna wanaotaka laini kamili ya maboksi ya karatasi kama yale ya maziwa ya UHT, na kuna wanaosema tuanze na mashine ndogo ya kujaza mifuko mikubwa, ile inayoingia ndani ya pipa la lita 200. Mimi ni fundi, nimezunguka viwanda hapa pwani, wakaniuliza nikasema nitaandika.

Kwa asiyejua, hii si kama mkebe wa samaki unaofungwa kwanza halafu unachemshwa. Hapa chakula kinauliwa vijidudu kivyake, pakiti kivyake, kisha vinakutana mahali ambapo hata hewa imechujwa. Sio kitu kipya, Tetra Pak walitoa pakiti yao ya kwanza ya namna hii 1961. Kwa hivyo tusibishane kama inafanya kazi. Inafanya. Tubishane kama itafanya kazi hapa, karibu na bahari hivi.

Mashine ya maboksi inaua vijidudu kwenye karatasi kwa haidrojeni peroksaidi ya kama asilimia 35, halafu hewa moto inaikausha isibaki kwenye chakula. Safi kabisa. Lakini hio dawa haipendi joto, haipendi kutu, ikigusa chembe za chuma inaanza kuvunjika yenyewe, na mtungi ukikaa kwenye stoo ya mabati mwezi wa Machi nguvu yake inashuka pole pole, na usipoipima unaweza kudhani unaua vijidudu kumbe unavilowesha tu. Na yale maroli ya karatasi nayo, mvua za Aprili zikianza yanavuta unyevu, kingo zinavimba, gundi ya joto haishiki sawa.

Halafu chumvi. Kuna kiwanda sitakitaja niliitwa kwa sababu mashine inajizima kila saa. Nikafungua paneli ya umeme, nyaya za shaba zimeota kijani kama zimepakwa rangi, skrubu zina unga mweupe, na kale kafeni ka kupoza paneli ndiko kalikokuwa kanavuta hewa ya bahari kutoka dirishani na kuimwaga juu ya vifaa. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, hakuna aliyefikiria tu itawekwa wapi. Tulihamisha paneli kwenye chumba kilichozibwa chenye AC yake, na kujizima kukaisha.

Ndio maana naegemea upande wa mifuko, kwa embe lakini. Mfuko unakuja umeshauliwa vijidudu kwa mionzi huko ulikotengenezwa, hapa unasafisha mdomo wake tu kwa mvuke, unajaza, unafunga. Hakuna mitungi ya peroksaidi ya kubeba kilomita 120 kutoka Mombasa. Na embe lina asidi yake, pH (kipimo cha asidi, kikiwa chini ndio asidi nyingi) ikiwa chini ya 4.6 yule mdudu hatari wa botulinamu, anayetia sumu kwenye chakula, hawezi kuota, kwa hivyo joto la nyuzi tisini na kitu linatosha, huhitaji zile nyuzi 135 na zaidi za maziwa. Ila msilale, embe likiiva kupita kiasi asidi inashuka, pH ipimwe kila bechi na ikibidi mtie asidi ya sitriki.

Wanaosema mvuke ni rahisi nao wanajidanganya kidogo. Mvuke ni maji, na maji yetu ya visima mnayajua, chai yenyewe inatoka na ladha ya chumvi. Ukiyatia kwenye boila bila kuyatibu yanajenga gamba ndani ya mabomba, na ile kloraidi iliyo kwenye chumvi inatoboa hata stenlesi, aina ya 304 ndio inaanza, 316 inavumilia zaidi ingawa nayo si ya milele. Bajeti yao nimeiona, mashine imeandikwa mpaka bolti, mtambo wa kusafisha maji haumo kabisa! Jambo jingine, fundi akitoka Nairobi asiwasetie kwa geji ya presha peke yake. Geji ikisoma baa 1 huku chini mvuke una nyuzi kama 120, kule juu Nairobi geji ile ile ni kama 117, na mvuke ukichanganyika na hewa hata hizo hupati. Pimeni joto penyewe pale mdomoni mwa mfuko.

Stima ni yetu sote. Ikikatika sekunde kumi tu kabla jenereta kushika, feni inayosukuma hewa safi inasimama, hewa ya nje inaingia, inabidi kuua vijidudu upya. Hapa hamhitaji betri ya kiwanda kizima, UPS, ile betri ndogo inayoshika stima ikikatika, ya kubeba feni na kompyuta ya mashine inatosha.

Lakini watu wa maboksi wana hoja moja ambayo sina jibu lake. Boksi la robo lita unaliuza dukani Shela ama Watamu kesho asubuhi. Pipa la lita 200 lazima umtafute mwenye kiwanda cha juisi alinunue, na yeye akijua huna pengine pa kulipeleka atakupangia bei kama broka wa jana. Na wakitaka siku moja kufunga maji ya madafu, ambayo asidi yake ni ndogo, hii mashine ya mifuko kwa mpangilio wa embe haiwafai.

Mimi nimewaambia wachukue ya mifuko, ila wasitie sahihi kabla ya kupata mnunuzi wa mapipa kwa maandishi na kabla ya kupeleka chupa ya maji ya kile kisima maabara. Mpaka leo chupa iko kwenye buti la gari ya mwenyekiti.