Nusu karne ya kimya juu ya Rabi Regina Jonas

Ipo picha yake moja inayosambaa sana: amevaa joho jeusi na kofia nyeusi, na kitabu mkononi. Kila nikiitazama najisikia kama mtu aliyefika msibani wageni wote wameshaondoka. Huyo ni Regina Jonas wa Berlin, mwanamke wa kwanza anayejulikana kupewa rasmi daraja la urabi, yaani ualimu wa sheria na uongozi wa dini ya Kiyahudi, tarehe 27 Desemba 1935. Kama jina hilo hujawahi kulisikia, usijilaumu. Tangu alipouawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1944 hadi mwaka 1991, karibu hakuna aliyelitamka hadharani. Mauaji yalikuwa kazi ya Wanazi. Kimya kilichofuata kilikuwa cha watu wake mwenyewe, waliosoma naye, waliomfundisha, waliofanya kazi bega kwa bega naye na wakasalimika. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi, na ndicho ninachotaka kukisema leo.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1902 huko Scheunenviertel, mtaa wa makabwela katikati ya Berlin uliojaa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya ya Mashariki. Baba yake, Wolf, alikuwa mchuuzi. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1913, akamwacha mkewe Sara na watoto wawili, Regina na kaka yake Abraham. Mama na wanawe walikuwa wakisali katika sinagogi la Rykestrasse, na hapo Regina akakutana na Rabi Max Weyl, mtu wa msimamo wa Kiorthodoksi, yaani Uyahudi wa kushika mapokeo ya kale, ambaye hata hivyo aliona wasichana nao wana haki ya kufundishwa dini. Urafiki wao wa masomo haukukatika. Hata Regina alipokuwa mtu mzima, waliendelea kukutana kila wiki kudurusu maandiko, mpaka Weyl alipopelekwa kambini.

Nataka hili lieleweke mapema, maana wengi wakisikia "rabi mwanamke" hudhani ni mtu aliyeamka siku moja akaamua kuasi. Regina alikuwa mtu wa Sabato na wa sheria. Hakutaka Halakha, sheria ya Kiyahudi, ilegezwe ili yeye apite. Alitaka isomwe vizuri.

Mwaka 1924 aliingia Hochschule für die Wissenschaft des Judentums, chuo cha elimu ya Uyahudi kilichokuwa Berlin. Wanawake walikuwepo pale, ila ilieleweka kwamba wakimaliza watakuwa walimu. Yeye alisema waziwazi kwamba anasomea urabi. Mchana akifundisha ili yeye na mama yake wapate mkate, muda uliobaki akisoma. Mwaka 1930 akawasilisha tasnifu yake, na kichwa chake kilikuwa swali tupu: Je, mwanamke anaweza kushika wadhifa wa urabi?

Hapo ndipo ninapompenda kupita kiasi. Alichukua kazi za rabi akazichambua moja baada ya nyingine, kufundisha, kuhubiri, kujibu maswali ya sheria, kuwahudumia wenye shida, na kwa kila moja akauliza: sheria inasema nini hasa? Si mazoea, si aibu za watu, si "kwetu haijawahi kutokea". Sheria yenyewe. Aliwataja wanawake wa Biblia na wa Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale juu ya sheria: Debora aliyekuwa nabii na mwamuzi wa Israeli, Hulda ambaye wajumbe wa mfalme walimfuata kuuliza neno la Mungu, Bruria ambaye elimu yake ya sheria wanazuoni waliikiri. Akahitimisha kwamba ukiondoa mawazo mgando na kutozoea, karibu hakuna kitu katika Halakha kinachomzuia mwanamke kuwa rabi. Wala hakujificha nyuma ya utafiti. Aliandika kwamba kazi hiyo yeye binafsi anaipenda, na kwamba siku ikiwezekana angetaka kuifanya.

Profesa wake wa Talmudi, Eduard Baneth, aliipokea tasnifu akaipa alama ya "nzuri". Kisha Baneth akafariki mwaka huohuo. Aliyeshika nafasi yake hakutaka kumtawaza mwanamke. Leo Baeck, mwalimu wake mwingine na kiongozi mkubwa kuliko wote miongoni mwa Wayahudi wa Ujerumani, hakuweka saini, kwa kuwa hakutaka ugomvi na Waorthodoksi ndani ya jumuiya moja. Regina akaondoka na cheti cha ualimu wa dini, kilekile walichokuwa wakipewa wanawake wenzake.

Sijaona popote kwamba kuna aliyeibomoa hoja yake. Tasnifu ilisomwa, ikapewa alama, ikawekwa kabatini. Namna hii ya kukataliwa naijua kwa karibu. Bibi yangu mzaa mama alifundisha Kurani uani kwake kwa zaidi ya miaka thelathini. Nusu ya wanaume wa mtaa wetu walianzia alifu kwenye mkeka wake. Siku moja mtaani palifanyika hafla ya kuwashukuru walimu wa dini, majina yakasomwa, lake halikuwemo. Hakuna aliyesema hakufundisha. Walimsahau tu, naye amekaa kule nyuma na buibui lake akiitikia dua. Ndiyo maana habari ya Regina Jonas, ingawa ni ya dini nyingine na nchi ya mbali, haikunipita sikioni.

Miaka mitano baadaye, Rabi Max Dienemann wa Offenbach, kwa niaba ya chama cha marabi wa mrengo wa kiliberali, alimtahini katika mambo ya sheria. Akafaulu. Cheti alichompa kinasema kwamba moyo wake uko kwa Mungu na kwa Israeli, kwamba anamcha Mungu, na kwamba anafaa kujibu maswali ya Halakha na kushika wadhifa wa urabi. Ilikuwa Desemba 1935. Miezi mitatu nyuma zilikuwa zimetoka Sheria za Nuremberg, zilizowavua Wayahudi uraia wa nchi yao wenyewe. Yaani mlango mmoja ulimfungukia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa inateketea.

Hata hapo mimbari kubwa za Berlin hazikumpokea hivihivi. Mwaka 1937 jumuiya ya Kiyahudi ilimwajiri kama mwalimu wa dini, na ruhusa ya kutoa huduma za kiroho: hospitalini, kwenye nyumba za wazee, kwenye gereza la wanawake. Kwa macho ya wakubwa zilikuwa kazi za pembeni. Lakini wazee ambao watoto wao wameshakimbilia ng'ambo, na wagonjwa wasiotembelewa na mtu, wao walijua nani anakuja na nani haji. Walimwita Fräulein Rabbiner. Kwa Kijerumani cha siku zile, ukisema Frau Rabbiner unamaanisha mke wa rabi. Neno la kumtaja mwanamke aliye rabi yeye mwenyewe halikuwepo, ikabidi litungwe kwa ajili yake.

Mwaka 1938 gazeti moja la Kiyahudi lilichapisha maelezo yake kuhusu kilichomsukuma. Alitaja mambo mawili: imani yake katika wito wa Mungu na upendo wake kwa binadamu. Mungu, alisema, ametupandia mioyoni uwezo na wito bila kuuliza jinsia yetu. Kwa hiyo mwanamume na mwanamke wote wana wajibu wa kufanya kazi kwa vipawa walivyopewa.

Marabi walipozidi kukamatwa na kuhama, waliomfungia milango wakaanza kumwita. Majira ya baridi ya 1940 kuingia 1941 alitumwa kwenye miji ambayo mikusanyiko yake imebaki bila rabi, Braunschweig, Göttingen, Bremen na mingineyo, akihubiri mbele ya watu wachache waliosalia. Yeye angeweza kuondoka mapema. Alibaki, na mama yake yuko naye. Katika miaka hiyo pia alipendana na Rabi Joseph Norden wa Hamburg, mgane aliyemzidi zaidi ya miaka thelathini. Baadhi ya barua zake kwa Regina zimesalia. Norden alipelekwa kambi ya Theresienstadt mwaka 1942 na huko akafia.

Februari 1942 Leo Baeck hatimaye aliweka saini ya kuthibitisha kutawazwa kwake. Miaka 12 baada ya tasnifu! Wakati huo Regina alikuwa mfanyakazi wa shuruti katika kiwanda cha maboksi.

Tarehe 4 Novemba 1942 alijaza fomu ya serikali kuorodhesha mali yake yote, vitabu vikiwemo. Siku mbili baadaye mali ikataifishwa, naye na mama yake wakasafirishwa kwenda Theresienstadt. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa amefanya jambo moja ambalo nalifikiria sana. Alizikusanya karatasi zake, cheti, tasnifu, picha mbili, barua na vipande vya magazeti, akazikabidhi kwenye hifadhi kuu ya nyaraka za Wayahudi wa Ujerumani. Mtu mwenye kuondoka hivyo huhangaikia shuka na sufuria. Huyu alihakikisha kwamba siku moja mtu akitaka kujua, atakuta.

Theresienstadt, katika nchi ya Wacheki ya leo, alifanya kazi na Viktor Frankl, daktari wa akili kutoka Vienna. Kazi ya Regina ilikuwa kuwapokea waliofika kwa treni. Wengi walikuwa wazee wa Kijerumani waliosainishwa mikataba na kuambiwa wamenunua nafasi kwenye makao ya wazee. Wakashuka na kukuta njaa, chawa na dari za kulala kwa kubanana. Regina alikuwa miongoni mwa sura za kwanza walizoziona. Pia alifundisha. Imesalia orodha iliyoandikwa kwa mkono yenye mada zaidi ya ishirini: wanawake katika Biblia na Talmudi, sikukuu, imani, maadili. Kichwa cha orodha hiyo kinasema ni mihadhara ya rabi pekee mwanamke, Regina Jonas.

Tarehe 12 Oktoba 1944 yeye na mama yake walipandishwa treni ya Auschwitz. Alikuwa na umri wa miaka 42.

Sasa niseme nililokuja kulisema. Leo Baeck naye alifungwa Theresienstadt, akatoka hai, akaishi London na kufundisha na kuandika hadi alipofariki mwaka 1956. Frankl alifariki mwaka 1997, na maandishi yake juu ya kambi yalisomwa na mamilioni. Wote wawili walikuwa wakimjua. Katika maandishi yao baada ya vita, Regina Jonas hakutajwa. Nimesoma watetezi wao wakisema walikuwa na majeraha, kwamba waliokufa ni wengi mno, kwamba mtu hawezi kumtaja kila mmoja. Majeraha nayaheshimu. Sijui ningekuwa mtu wa namna gani mimi nikitoka mahali pale. Lakini wanaume wenzao waliokufa walikumbukwa kwa majina, kwa kazi, kwa mimbari walizohubiria. Aliyekuwa rabi pekee mwanamke katika Ujerumani nzima si mtu wa kupotea kwenye kundi. Naona walimwona kama jambo la dharura, kitu kilichotokea kwa sababu dunia ilikuwa imepinduka, na dunia iliposimama tena hakukuwa na haja ya kukirudia.

Hasara ya kimya hicho haikuwa ya heshima peke yake. Mwaka 1972 Sally Priesand alitawazwa Cincinnati, Marekani, na wengi wakamtangaza kuwa rabi wa kwanza mwanamke. Sandy Eisenberg Sasso akafuata mwaka 1974, Jackie Tabick mjini London mwaka 1975. Upande wa Wakonsavativu, wanaoishika Halakha kwa uzito, mabishano yaliendelea hadi mwaka 1983, chuo chao cha New York kilipopiga kura ya kuwapokea wanawake. Amy Eilberg akatawazwa mwaka 1985. Miaka yote hiyo watu wazima wenye elimu walikuwa wakiuliza swali ambalo mwanafunzi wa Berlin alishalijibu kwa maandishi mwaka 1930, na jibu lenyewe limelala ndani ya boksi katika Ujerumani Mashariki.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, hifadhi zile zikafunguliwa. Mwaka 1991 Katharina von Kellenbach, mwanateolojia Mkristo wa Kijerumani aliyekuwa akitafiti wanawake wa miaka ya 1930 waliotaka uchungaji na urabi, alikuta karatasi za Regina zikiwa pale alipoziacha. Mwaka 1999 Elisa Klapheck alichapisha tasnifu yake. Baadaye Klapheck mwenyewe akawa rabi. Mwaka 2010 Alina Treiger akatawazwa Berlin, mwanamke wa kwanza kutawazwa Ujerumani tangu Jonas. Kati yao ilipita miaka 75.

Julai 2014 kikundi cha wageni kilisafiri hadi Terezín, jina la Kicheki la Theresienstadt, kuweka bamba la kumkumbuka. Alikuwemo Sally Priesand. Walikuwemo Sandy Sasso na Amy Eilberg, na Sara Hurwitz wa upande wa Kiorthodoksi. Kila mmoja wao kwao aliitwa wa kwanza. Walisimama pale pamoja, wakalitamka jina lake.