Nyumba Tano

Mkufunzi wetu alituonya: usimuulize mtu kama ataipenda programu yako, ataisifu tu ili uondoke. Muulize mara ya mwisho alifanya nini, kisha nyamaza. Kimya humfanya aongeze mwenyewe. Tena tusiende peke yetu kila mara: mmoja aulize, mwenzake aandike. Na watu 5 wanatosha kuanzia, maana Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama programu ni rahisi kutumia, aliandika tangu mwaka 2000 kwamba 5 wakijaribu kitu, kasoro nyingi zishaonekana.

Programu yangu ilikuwa ya kuagizia mahamri na mbaazi kwa akina mama wapikao majumbani hapa Lamu. Nikaanzia mtaa wa Langoni. Mama mwenye nyumba akanikalisha dakani, akanimiminia kahawa ya tangawizi.

"Mama, jana alfajiri ilikuwaje, tangu kuamka?"

"Tuliamka saa kumi, mimi na binti yangu."

Swali zuri huzaliwa na jibu, ndivyo tulivyofunzwa. "Binti huamshwa au huamka mwenyewe?"

Akaweka birika chini. "Mwenyewe. Kazi haimshindi."

Nikanyamaza. Wallahi mbinu ile inafanya kazi! Mama akaongeza kwamba binti ana diploma, hana maneno mengi, na hajachumbiwa. Nikaandika yote.

Kisha akanionyesha daftari lililotundikwa msumarini, la wanaokula kwa mkopo. Hapo ndipo penye utafiti wenyewe. Maagizo humjia kwa sauti za WhatsApp bila taabu yoyote. Taabu ni kulipwa. Ukurasa wa pili nikaona jina la mamangu. Nikafunua haraka.

"Ningependa siku moja nije nimtazame binti akikanda unga," nikasema. "Asijali kama nipo."

"Hilo mpaka babake arudi kutoka baharini."

"Hakuna neno. Nitarudi na mwenzangu, yeye ndiye wa kuandika."

"Ni mtu mzima, huyo mwenzako?"

"Ana mke na watoto."

"Alhamdulillahi," akasema, akaniongeza kahawa.

Nyumba nne zilizobaki nikauliza vilevile. Kumbe kila nyumba ina binti.

Baada ya Isha wazee wakaniita barazani.

"Kijana, tunasikia umepita nyumba tano."

"Ndiyo, ami. Tano zinatosha."

"Zinatosha?" Akavua miwani. "Dini yenyewe inaishia wanne!"

Nikaeleza: utafiti, watumiaji, programu. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja tu hakucheka. Bado kikoi chake kilikuwa na magamba ya samaki.

"Sasa," akaniuliza taratibu, "huyo wa kuandika anakuja lini?"

Nikakimbilia nyumbani nikamweleze mama kabla hajasikia kwa watu. Nikamkuta amejifunga buibui, ndiyo kwanza anaingia, pochi mkononi.

"Deni la mahamri nimeshalipa lote," akasema. "Hatuwezi kwenda kuposa tunadaiwa."